Mti Uliovaa Dera

Fundi aliushonea mti dera. Si kitambaa cha kutupia juu kama watu wanavyofunika gari. Dera kamili, lina shingo, lina mabega, na upindo wa chini kaushona kwa mkono ili usikwaruze majani. Kitambaa ni bitana nyeupe ya pazia, ile nzito inayokataza jua. Asubuhi, jua likianza kuchungulia juu ya ukuta wetu hapa Rashidiya, Dubai, alitoka chumbani kwake na dera begani, akauvisha mti, akaunyoosha shingoni, akauambia, "Haya bibie, tuonane jioni." Kisha akaenda zake kazini Karama. Akirudi, kabla hajavua viatu vyake, anauvua mti dera lake.

Waliochungulia langoni walidhani tumeweka mtu pale. Bi Zuwena, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alinambia, "Mama Nassor, huyo mpangaji wako ana pepo." Nikamjibu, "Pepo anayejua kukata shingo vizuri namna ile, mchukue na wewe akushonee."

Mti wenyewe unaitwa aronia. Kwetu Unguja haupo, kwao Fundi, Makete, haupo, na hapa Dubai mie sijauona ila huo mmoja. Ni kichaka tu, kinanifika kiunoni, kimepandwa kwenye pipa la plastiki. Katika nchi za theluji huzaa matunda meusi madogo, vishada vishada, mfano wa zambarau zilizodumaa. Hapa kila aliyeujua alisema utatoa majani lakini hautazaa. Na Fundi aliapa, mbele yangu na mbele ya Bi Zuwena, kwamba hatarudi kwao mpaka ale tunda la mti ule, lililozaliwa Dubai, kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Ndiyo maana kiapo kile kilitutia taabu sote.

Mie kusoma kwangu ni chuo cha Kurani na madarasa mawili matatu ya skuli, lakini majina ya watu hayanitoki. Namkumbuka aliyenipaka hina siku ya harusi yangu, Bi Time, na dereva aliyetupokea siku niliyokanyaga mji huu, Ghulam, ana jino la fedha. Jina la Fundi nalijua pia, la ubatizo na la kwao. Silitii hapa. Nilipomwambia iko siku nitaandika habari zake, alisema, "Andika, lakini jina langu liache. Limeshaandikwa kwenye makaratasi mengi mno ya watu." Basi. Sote tulimwita Fundi, na yeye akiniita Mama Nassor kwa jina la mwanangu wa kwanza. Yeye mwanamke wa bara, Mkristo, mie mtu wa visiwani. Kilichotukutanisha ni chumba cha uani alichopanga kwangu, na tangu apange sikuwahi kumwita mpangaji. Bi Zuwena ndiye aliyekuwa akimwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kushona, mapazia na nguo. Na kwenye kazi alikuwa na neno moja: "Vua." Ukitokea mbele yake na nguo iliyoshonwa ovyo, salamu itangoja. Anashika upindo kwa vidole viwili, anausugua kama mtu anayejaribu unga kama umesagika, anauliza, "Nani kashona hii?" Ukimtaja, humtetei tena. "Vua." Hajali uko dukani, uko kwangu barazani, uko kwenye harusi ya watu. Nilimwona kwa macho yangu akimvua koti bwana mmoja mnene aliyekuja kuchukua mapazia tu. Bwana akakaa na shati, anakunywa chai ya karaki, kimya, kama mtoto anayesubiri kunyolewa, mpaka koti lake lilipotengenea. Alipolivaa alijitazama kwenye kioo akasema, "Kumbe bega langu liko hapa." Fundi akamwambia, "Lilikuwa hapo siku zote. Walikuibia."

Na mtu huyo huyo alikuwa akishinda na sweta lililotoboka viwiko vyote viwili. Nikimshika upindo nikamwambia, "Fundi, vua," anacheka. "Hili halijashonwa, Mama Nassor, limefumwa. Sheria yangu hailihusu."

Sweta lile halikuwa la urembo. Yeye na baridi walikuwa maadui wa tangu. Kwao, alikuwa akihadithia, asubuhi za Julai unakuta majani meupe kama yamemwagiwa chumvi, na maji ya ndoo yamevaa kioo juu. Alikuja Arabuni, kwa maneno yake, kuanika mifupa. Dukani waligombea kiyoyozi kila siku, vijana wanaongeza baridi, yeye anapunguza. "Mimi baridi nimeshaila," alikuwa akiwaambia. "Kuleni yenu, yangu mniachie." Basi mtu aliyeikimbia baridi akavuka bahari, ndiye huyo aliyekuja kuitafuta mji mzima kwa ajili ya kichaka.

Kichaka kilitoka kwa madam Halina, mteja wake wa mapazia, aliyekuwa anahama kurudi kwao kwenye theluji. Fundi alikwenda kuyashusha mapazia akaukuta mti barazani, umekonda. Madam akamwambia kwamba kaulea muda mrefu na haujampa hata tunda moja, maana mti ule lazima upate majira ya baridi ulale, usipolala hauzai, na Dubai hakuna baridi ya kulaza mti.

"Unautupa?" Fundi akauliza.

"Namwachia mlinzi."

"Niachie mimi."

"Utafanya nini nao? Hapa utakufa tu."

Alipokuja kunihadithia alisimama na pipa lake langoni, dereva wa teksi nyuma yake ananung'unika majani yamempiga mashavuni njia nzima. "Mama Nassor," akasema, "alivyosema utakufa tu, alikuwa ananitazama mimi."

Nikamwambia, "Hakuwa na nia mbaya."

"Najua hakuwa na nia mbaya. Wenye nia mbaya wala hawanisumbui."

Kuna jambo alinihadithia mara moja tu, pini mdomoni, hakulirudia. Siku aliposhuka uwanja wa ndege mara ya kwanza, kafili, tajiri aliyemdhamini viza, aliyekuja kumpokea alimtazama toka kisigino hadi utosi, akamwambia wakala kwa Kiarabu kwamba huyu hafiki Ramadhani. Fundi Kiarabu hakukijua siku ile. Lakini neno Ramadhani alilijua, na uso wa mtu aliujua. Ramadhani ngapi zimepita toka siku ile sizihesabu, na kila ikiingia alikuwa akinipikia kitu cha futari, yeye Mkristo, anakiweka mezani, anasema, "Nimefika." Mie tu ndiye niliyejua anamwambia nani.

Sasa nieleze kosa, maana lilikuwa la watatu.

Wa tatu ni Nyambura, Mkenya wa Limuru, aliyefanya kazi kwenye stoo ya maua. Maua yale, waridi hasa, yanakuja kwa ndege kutoka kwao Kenya, na hapa yanawekwa katika chumba cha baridi kikubwa kama msikiti mdogo. Kampuni ile inapamba kumbi za harusi, na mapazia ya kumbi alikuwa akiyashona Fundi. Ndiyo walivyojuana. Basi tukakaa watatu kwenye ua wangu, chai mbele yetu, mti katikati kama mgonjwa anayejadiliwa.

Fundi akasema, "Mti unataka kulala kwenye baridi. Sasa baridi ni lini?"

"July," Nyambura akasema. "Hiyo haina maneno. July huko kwetu hata ng'ombe haitaki kutoka nje."

"Na sisi ni hiyo hiyo. Juni, Julai."

Mie nikatia langu, nikasema kwetu pia kipupwe ndiyo miezi hiyo, wazee wanajitanda.

Tukakubaliana. Watu wazima watatu, bara na visiwani, tunaoishi Dubai, mji ambao Julai kitasa cha mlango kinakuunguza na Januari tunatoa mashali kabatini, tumekaa tunakubaliana kwamba baridi ya mti ni Julai. Na tena ilionekana ni akili: Julai jua la hapa linaua, basi mti na ukae kwenye baridi salama, Januari utoke upunge upepo na sisi.

Kuuingiza mti kwenye chumba cha maua kulikuwa na vita vyake. Meneja pale alikuwa Suresh, mtu mpole, kalamu mbili mfukoni. Mie nilikuwepo, nilimfuata Fundi kwa udaku. Suresh alisema haiwezekani, chumba ni cha maua.

Fundi akamwambia, "Mti hauingii, mapazia hayatoki."

"Fundi, harusi ni kesho."

"Najua. Nani kashona?"

"Chumba hiki ni cha maua. Hicho si ua."

"Subiri kitoe."

"Kitatoa lini?"

"Ukishakiingiza."

Nyambura alikuwa amejificha nyuma ya maboksi ya waridi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Suresh alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Khalas, basi. Pembeni kule. Na usiguse waridi." Mapazia Fundi aliyapeleka jioni ile ile, tena kayapiga pasi upya. Kumbe yalikuwa tayari toka asubuhi, yamekunjwa garini mwa Nyambura. Sivyo nilivyolelewa kufanya biashara, lakini sikusema kitu.

Mti ukalala Juni ukaamka Septemba. Ukatolewa, ukachipua vijani laini kama masikio ya paka, na jua la Septemba likavikaanga vyote. Vikajikunja kama majani ya bizari yaliyosahauliwa jikoni. Fundi aliviokota kimoja kimoja. Mwaka uliofuata tukafanya vile vile, na jua nalo likafanya vile vile. Bi Zuwena akasema utupeni. Wasichana wa dukani kwa Fundi wakawa wanamuuliza, "Fundi, mgonjwa hajambo?" Anawajibu, "Hajambo. Anawasalimu. Anauliza nyie mmezaa nini."

Desemba hiyo, mti uko uani unapunga upepo kama tulivyoupangia, majani yaliyochipua upya yakaanza kuwa mekundu. Mekundu ya kupendeza, lakini mti wa kijani ukigeuka mwekundu nani atasema ni afya? Fundi akadhani njaa. Akautia majani ya chai, akautia mboji, akaukalia kitako na beseni lake la kushona, anauchungulia. Mie natoka jikoni namwona hivyo, siku ya tatu sasa. Nikamwambia, "Fundi, mtoto akipiga miayo humpi uji. Unamtandikia."

Sindano ikasimama.

"Leo mwezi gani?" akaniuliza.

"Desemba."

"Kwa madam Halina Desemba kuna nini?"

"Si theluji? Si tunaiona kwenye televisheni?"

Alinitazama, mie nikamtazama, na ikatuingia sote kwa pamoja. Alicheka mpaka beseni likamporomoka, vifungo vikatawanyika uani. "Mama Nassor, nimeulaza mchana nikauamsha usiku."

"Tumeulaza," nikamwambia. "Usijitwalie peke yako."

Akampigia Nyambura simu, hata hakumsalimu. "Limuru yenu imetudanganya."

Nyambura akasema, "Wacha kusingizia Limuru. Ni Makete yenu ilianza."

Siku ile ile mti ulipanda teksi. Suresh alipouona unashuka alifungua mlango wa chumba cha baridi bila kuulizwa.

Ukalala na waridi mpaka mwanzo wa Machi. Uliporudi ulikuwa fimbo tupu, na Nassor, mwanangu, alipouona alisema, "Mama, huo sasa ni kuni."

Nassor ni mtoto mwema, lakini anapenda sana mambo yanyooke. Alikuwa anataka ua wote uwekwe vigae, mapipa yaondoke, gari zake zikae kivulini. Alishamleta fundi wa vigae, Bashir, na kamba yake ya kupimia. Mie niliweka kiti changu mbele ya mti nikakaa. Nassor akasema, "Mama, nyanyuka, jua linakupiga." Nikamwambia, "Nyumba hii aliniachia baba yako. Jua nalo aliniachia." Bashir maskini kasimama katikati, hajui amtii nani. Ndipo Fundi akatoka chumbani, akamfuata Bashir moja kwa moja, akamshika kola. "Nani kashona hii?" Bashir akasema ni duka moja la International City. "Vua." Bashir akavua shati. Akakaa nami kivulini mpaka kola ikapinduliwa, na alipolivaa tena akamwambia Nassor kwamba pembe ile ina mteremko mbaya, vigae havitakaa. Haina mteremko wowote. Mpaka leo pembe ile haina vigae.

Kuulea mti kulikuwa na adabu zake na Fundi alinifundisha zote. Maji ya bomba hapana, maana tangi liko juu ya paa na likipata jua maji yanatoka ya kuchemshia mayai. Aliweka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi, yale yanayodondoka kutwa nzima bure, ya baridi na hayana chumvi, hayo ndiyo maji ya bibie. Mchanga wa uani hapana, una chumvi. Majani ya chai yaliyokwisha kazi ndiyo. Na maneno ndiyo, alikuwa akisema, mti usiosemeshwa unadhani umehamwa.

Jambo moja tulikuwa tukigombana. Fundi alisali sana na kanisani hakosi, lakini mti alikataa kuuombea. "Mungu ana wagonjwa wake," alikuwa akisema. "Huu niachieni mimi." Nikimwambia aseme inshallah utazaa, anasema, "Inshallah naisema kwenye mambo ya watu. Mti nisipouamrisha utanizoea." Nikastaghfiru mie, nikasema Fundi utakuja kuadhibiwa. Lakini alfajiri, ninapotia udhu, nilikuwa nikimsikia kule kwenye pipa ananong'ona kwa Kikinga, lugha ya kwao. Kikinga sikijui. Lakini sauti ya amri naijua, na ile haikuwa sauti ya amri.

Mwisho wa Machi fimbo zilitoa majani, na juu ya majani maua. Meupe, vishada, katikati yana vidoa vya rangi ya waridi. Fundi hakupiga kelele. Alikwenda kumwita Bi Zuwena, akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya mti, akarudi ndani kuendelea na kazi. Bi Zuwena akabaki pale peke yake na yale maua. "Haya," akaniambia. "Maua si matunda." Lakini alisema taratibu.

Na maua yakawa vitunda, kijani, kama punje za pilipili manga.

Hapo ndipo macho yalipomkatalia. Alikuwa na mtoto wa jicho siku nyingi, anaficha. Uzi alikuwa akiutunga kwa ulimi na mazoea. Walimfanyia jicho moja kwanza, na daktari akamkataza vumbi, jua na kuinama. Uani kwangu ni vitu hivyo vitatu tu. Tumaini, binti wa kaka yake, anayefanya kazi hotelini, akamchukua kwake Al Nahda amtie matone. Siku ya kuondoka alinikabidhi dera, limekunjwa kama nguo ya mwali. "Shingo mbele," akasema. Mti ule hauna mbele wala nyuma, lakini nilielewa.

Binti yake, Upendo, yuko Makambako, na alikuwa keshamkatia mama yake tiketi ya mwisho wa Juni. Akanipigia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, nisaidie. Mwambie mama aje nyumbani. Macho yale, akianguka huko nani atamwokota? Tumaini yuko kazini siku nzima."

"Mamako kaapa, mwanangu."

"Ameapa kwa kichaka, bibi?"

"Kaapa kwa mdomo."

Akasema, "Mimi nina watoto hawajawahi kumwona ana kwa ana. Wanamjua kwenye simu. Wanamwita Bibi Simu."

Hilo liliniingia. Mpaka leo sisemi kwamba Upendo alikosea. Tumaini aliniambia Fundi kashasema wazi: tunda lisipoiva kabla ya ndege, ndege iende bila yeye. Na Upendo kashasema: mama asipokuja safari hii, hataomba tena. Mie nikabaki na wao wote wawili kwenye pipa moja la plastiki.

Juni ikaingia na moto wake. Nikauvisha asubuhi, nikauvua jioni, nikaunywesha maji ya kiyoyozi, nikausemesha mpaka nikaishiwa na habari, nikaanza kuuhadithia mambo ya Bi Zuwena. Vitunda vikaanza kudondoka, kwanza kimoja kimoja, kisha kwa vishada. Vilivyobaki vikaanza kugeuka rangi, na hapo wakaja shore, ndege wale wenye mashavu meupe, wanajipenyeza chini ya dera kama wezi kwenye hema. Nikahamisha kiti changu, nikakaa pale na kipepeo, napunga huku nafukuza kule. Nassor akanikuta hivyo. Alisimama kidogo, akatoka, akarudi na chandarua. "Usimwambie Fundi," akasema, akaanza kukifunga.

Kilibaki kishada kimoja. Siku moja kabla ya tiketi kilikuwa cheusi tii.

Nikakikata kwa mkasi wake mwenyewe, nikakiweka ndani ya bakuli la udongo, nikalifunika kwa leso, nikachukua teksi mpaka Al Nahda. Tumaini alinifungulia. Sanduku lilikuwa pale mlangoni, limefungwa kamba. Fundi kakaa karibu na dirisha, miwani nyeusi, sweta na matundu yake, kiyoyozi kazima na joto lile.

"Mama Nassor. Umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja na mtu," nikasema, nikampa bakuli mapajani.

Akatia mkono chini ya leso. Alichuma tunda moja, akalishika kwa vidole viwili, akalisugua, taratibu, kama anavyosugua upindo wa nguo. Nikawa nangoja aniulize nani kashona. Akalitia mdomoni.

Uso wote ulikunjamana.

"Lina ukakasi," akasema.

"Kama bibo la korosho?"

"Bibo lina afadhali." Akatafuna mpaka mwisho, akameza. "Baya."

Tumaini akaonja moja, akakimbilia jikoni, akarudi anafuta ulimi kwa mkono. "Shangazi, na hili ndilo ulilohangaikia miaka yote?"

"Nani alisema halitakuwa tamu?" Fundi akamuuliza.

"Hakuna."

"Walisema nini?"

"Walisema hautazaa."

"Basi," akasema, akatia jingine mdomoni, na uso ukakunjamana upya, na hakulitema.

Tumaini akampigia Upendo, akaiweka simu juu ya bakuli ili sote tusikie.

"Mama, umekula kweli?"

"Nimekula. Mawili."

"Basi kiapo kimeisha. Kesho uje."

Fundi akavuta sweta mabegani. "Niliapa sitarudi kabla sijala," akasema. "Sikuapa kwamba nikila nitarudi."

Mie nilitazama sanduku, nikamwazia yule mtoto wa watu na wanawe. Kisha kwenye simu ikatoka sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko. "Mama, wewe ni mtu gani?"

"Mimi ni mama yako. Sikiliza. Kuna jicho la pili halijafanyiwa, na Desemba kuna mti wa kulaza. Ukishalala, mimi sina kazi mpaka Machi. Nitakuja nikae na wajukuu, waache kuniita Simu. Tiketi isogeze. Na iwe ya kwenda na kurudi."

"Ya kurudi ya nini, mama?"

"Nani atauamsha?"

Tumaini alikuwa ameshaanza kufungua kamba za sanduku. Mwisho ile sauti ndogo ya Makambako ikasema, "Haya. Ya kwenda na kurudi."

Fundi akapapasa hewani akinitafuta. Nikasogea, nikadhani anataka kunishika mkono, kunishukuru, na nilishaanza kutayarisha jibu. Vidole vyake vikapita juu ya kiganja changu, vikapanda, vikafika kwenye upindo wa mkono wa buibui langu. Vikasimama. Vikausugua.

"Nani kashona hii?"

"Kijana mpya wa dukani kwenu, Yohana. Wewe hukuwepo, Fundi, na mie nilikuwa na haraka."

"Tumaini, nitungie uzi mweusi," akasema.

"Shangazi, daktari amekataza—"

"Amekataza kuinama. Sijainama." Akanigeuzia ile miwani nyeusi, mkono wake bado umeng'ang'ania upindo. "Vua, Mama Nassor."

Nikavua.